Saba ya Uru

Winifred alikuwa fundi wa lifti, na Jumamosi hiyo jina lake ndilo lililokuwa kwenye orodha ya zamu ya dharura. Lakini hakuwa nyumbani akisubiri simu, wala hakuwa katikati ya mji. Alikuwa mtaa wa Kimisagara, katika ukumbi uliojaa watu, amevaa kizibao cha kijani kilichoandikwa REFA mgongoni, akiangalia wanaume wanne wakicheza karata.

Alikuwa amepatana na Mugenzi, fundi mwenzake, tangu Jumatano. Simu ikija kwa Winifred, yeye angempigia Mugenzi, na Mugenzi angekwenda. Mambo yangeishia hapo. Mafundi wengine walifanya hivyo kila mara. Tofauti ni kwamba wao walimwambia Eustache, msimamizi wao, na yeye hakumwambia. Wiki mbili zilizopita Eustache alimwita ofisini na kumwambia, bila kupandisha sauti, kwamba amechoka kusikia habari za karata.

"Mtu akiomba ruhusa kwa sababu ya msiba, naelewa," alisema. "Mtoto akiumwa, naelewa. Wewe unaomba kwa sababu ya turufu. Nikusikie tena, tutazungumza mambo mengine."

Winifred aliitikia akatoka. Hakumweleza, kwa sababu hata yeye hakujua angeelezaje. Hakuwa mchezaji. Alipokuwa mtoto, huko Mbarara, shangazi zake walimweka pembeni ya meza ahesabu pointi kwa kuwa alikuwa hana upande, na tangu hapo alipenda kukaa pale, mahali ambapo watu wanakubali neno lako kwa sababu hutaki chochote. Kwenye lifti hakuna anayekujua mpaka kitu kiharibike. Hapo ndipo watu wanauliza fundi ni nani.

Swafiya ndiye aliyeanzisha mashindano hayo. Alikuwa fundi cherehani wa Nyakabanda, mtaa wa jirani, mwanamke mwenye sauti ya kukatisha mabishano, na kila mwaka aliwashonea washindi mashati mawili ya kitambaa kimoja; miezi mingine walicheza kwa kujifurahisha tu. Hakukuwa na dau, na mtu aliyeonekana akiweka dau alitolewa nje. Mwaka huu zilikuja jozi thelathini na mbili, na kufikia saa tisa mchana zilibaki mbili. Upande mmoja alikaa Mzee Usumani, mshonaji kanzu aliyekaribia miaka sabini, pamoja na mpwa wake Shami. Upande wa pili alikuwa Kagabo, muuza vipuri vya pikipiki, na mwenzake ambaye hakuzungumza neno tangu asubuhi.

Simu za wachezaji zilikuwa kwenye beseni chini ya meza ya Swafiya. Ya Winifred ilikuwa mfukoni mwake, imezimwa sauti. Siku nzima alikuwa akiigusa kila dakika chache kuhakikisha haijatikisika bila yeye kujua. Alishindwa hata kula sambusa aliyoletewa.

Saa tisa na dakika ishirini ilitikisika.

Alitoka mlangoni hatua mbili, akaipokea. Alikuwa Kalisa, mlinzi wa jengo moja la ghorofa saba mjini, lenye ofisi za mawakili na daktari wa meno.

"Fundi, lifti imesimama katikati, ya nne na ya tano. Iko mzee ndani, peke yake."

"Taa zinawaka?"

"Zinawaka. Anaongea. Lakini ameanza kuogopa."

"Mwambie asiguse mlango. Fundi anakuja."

Alimpigia Mugenzi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu Mugenzi akapokea, na nyuma yake Winifred alisikia mvua ikipiga mabati.

"Niko Ndera," Mugenzi akasema. "Nilikuja kuangalia mafundi wanaojenga kwenye kiwanja changu. Nilidhani ni dakika tano tu. Naondoka sasa hivi."

"Ndera, Mugenzi?"

"Nakuja, Wini. Mvua kubwa, lakini nakuja."

Winifred alihesabu kichwani. Kutoka Ndera kwa mvua ile ingekuwa dakika hamsini, pengine saa nzima. Mkataba na wenye jengo ulisema nusu saa. Kutoka Kimisagara yeye mwenyewe angefika kwa dakika kumi na tano akipata pikipiki. Mkono wa mwisho wa fainali ulikuwa umeshagawiwa. Ungechukua dakika tano, sita. Akajiambia kwamba atausimamia huo, halafu ataondoka. Akarudi ndani na kusimama nyuma ya meza, akatazama karata bila kuziona sawasawa.

Turufu ilikuwa shupaza. Mchezo ulikwenda haraka, wachezaji wakitupa karata na kuzirundika kimya. Winifred alikuwa akimfikiria mzee asiyemjua, ndani ya kisanduku, akitazama milango. Karata ya mwisho ilipoanguka, Mzee Usumani aliweka kumi ya kopa, na watu wa upande wake wakaanza kupiga makofi, maana kwa hesabu yao walikuwa wameshinda.

"Ngojeni," Kagabo akasema, akanyoosha mkono juu ya meza. "Refa, ngoja. Mzee ana kopa. Mimi nilitoa kopa pale katikati, na yeye akaikata kwa turufu. Alikuwa na kopa mkononi, akaificha."

Makofi yakakatika. Sheria ilijulikana kwa kila mtu: aina inayotolewa lazima uifuate kama unayo. Unakata kwa turufu ukiwa huna. Aliyeficha karata hupoteza mkono mzima.

"Hukutoa kopa," Mzee Usumani akasema taratibu.

"Nilitoa saba ya kopa."

"Hukutoa kopa, Kagabo."

Kazi ya refa katika jambo kama hilo ilikuwa ndogo na ya wazi. Unachukua rundo, unalifunua kuanzia mwanzo, karata nne nne, mbele ya wote, mpaka ufike mahali penye ubishi. Winifred alishafanya hivyo mara nyingi. Huchukua dakika tatu, na watu hukaa kimya dakika hizo zote.

Alikaa, akavuta rundo. Simu ikatikisika mfukoni. Akaiacha. Ikatikisika tena, na safari hii aliitoa na kuisikiliza pale pale, mbele ya meza, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwona akilifanya.

"Fundi, mzee anapumua vibaya," Kalisa alisema. "Anasema ana pumu. Dawa yake ameiacha kwenye gari."

"Nakuja," Winifred akasema.

Akaligeuza rundo, akachomoa katikati, akatawanya karata chache kwa vidole. Pale palikuwa na jeki ya shupaza ya Mzee Usumani, na chini yake, nusu imefunikwa, karata nyekundu yenye saba.

"Saba," akasema. "Ni kweli. Mzee ameficha. Mkono ni wa Kagabo."

Kelele zikaanza. Shami alisimama. Mzee Usumani hakusimama. Alimtazama Winifred usoni, akasema, "Binti, angalia tena."

"Nimeshaangalia, mzee," Winifred akasema, akiwa tayari ameshika begi lake la vifaa.

Swafiya alimfuata mpaka mlangoni. "Wini, unakwenda wapi? Hujatia sahihi matokeo."

"Kuna mtu amekwama. Nitarudi."

Pikipiki ya kwanza ilikataa kwa sababu ya mvua. Ya pili ilikubali. Njia nzima Winifred alikumbatia begi kifuani na kumwomba Mungu mambo mawili, kwamba mzee yule apumue, na kwamba Eustache asijue. Alijionea haya kwamba alikuwa akiyaomba yote mawili kwa pamoja.

Kalisa alikuwa akimngoja kwenye ngazi. Alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Rubavu, na viatu vyake vilikuwa vimelowa. Walipanda mpaka ghorofa ya tano. Winifred alizima umeme wa lifti, akarudi mlangoni, akaingiza ufunguo wa pembe tatu na kuufungua mlango wa nje. Kichwa cha kisanduku kilikuwa usawa wa kiuno chake. Alipiga magoti, akausukuma mlango wa ndani kwa mikono miwili mpaka ukaachia nafasi ya kiganja. Mle ndani, chini, aliona upara wa mtu na mkono ulioshika ukuta.

"Mzee, naitwa Winifred. Mimi ni fundi."

"Jean-Berchmans," mzee akajibu. Kila neno lilikuja na mluzi wa pumzi. "Ulikuwa wapi, fundi?"

Winifred alipenyeza kiganja kwenye upenyo. "Ufunguo wa gari unao?"

Mzee aliutoa mfukoni, akaunyoosha juu. Ufunguo ulimponyoka, ukaponea chupuchupu kuangukia kwenye shimo. Winifred akaudaka, akampa Kalisa. "Gari gani, mzee?"

"Ya kijivu. Nimeiacha karibu na geti. Dawa iko mlangoni, upande wa dereva."

Kalisa alishuka ngazi mbili mbili. Winifred alilala kifudifudi sakafuni ili uso wake uwe karibu na ule upenyo. Alimwambia mzee akae chini, aegemee ukuta, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole. Alimwuliza alikuwa anafanya kazi gani. Mzee akasema alifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Alimwuliza kama anatoka kwa daktari wa meno, na jino lipi limeng'olewa. Mzee akaonyesha kwa kidole. "Humura, mzee, usiogope," Winifred akamwambia kwa Kinyarwanda, kama angemwambia baba yake. "Hutaanguka. Kisanduku hiki kimeshikwa na breki. Mimi mwenyewe nilizikagua mwezi uliopita." Hilo lilikuwa kweli, na kulisema kulimtuliza yeye zaidi kuliko mzee.

Kalisa alirudi akihema. Winifred alipenyeza mkono mpaka begani na kumfikishia mzee dawa yake. Walisikiliza wote wawili. Mzee alivuta mara moja, akangoja, akavuta mara ya pili. Polepole ule mluzi ukapungua.

Kilichobaki kilikuwa kazi anayoijua. Alipanda mpaka chumba cha mashine juu ya paa, akamwacha Kalisa na ufunguo kwenye mlango wa ghorofa ya nne amweleze kwa simu kila sentimita, akaachia breki kidogo kidogo na kuzungusha gurudumu kwa mkono mpaka sakafu ya kisanduku ikalingana na sakafu ya ghorofa ya nne. Alipoteremka, Jean-Berchmans alikuwa amekaa kwenye ngazi, tai imelegezwa, na pembeni yake alikuwa amesimama Eustache.

Mwenye jengo ndiye aliyempigia. Eustache alimtazama Winifred kuanzia viatu mpaka kichwani, na macho yake yakasimama kwenye kizibao cha kijani. Winifred alikuwa amekisahau.

"Geuka," Eustache akasema.

Akageuka. Eustache alisoma lile neno mgongoni.

"Alinitoa vizuri," Jean-Berchmans akasema kutoka kwenye ngazi. "Alichelewa, lakini alinitoa vizuri."

"Asante, mzee," Eustache akasema. Kisha kwa Winifred: "Andika ripoti. Halafu uijaribu lifti mara ishirini kabla hujaiachia. Tutaonana Jumatatu."

"Nilibadilishana na Mugenzi."

"Mugenzi amenipigia yuko njiani kutoka Ndera. Mimi nitampelekea nani lawama, Winifred? Orodha ina jina lako."

Aliondoka akimsindikiza mzee mpaka garini. Winifred alikaa juu ya begi lake na kuanza kuandika. Hitilafu ilikuwa kwenye swichi ya mlango, kitu kidogo cha kubadilisha. Aliandika saa aliyopigiwa na saa aliyofika, na ndipo, baada ya kelele zote kutoka kichwani, ile karata ikamrudia. Aliiona kama ilivyokuwa, nusu imefunikwa na jeki, saba nyekundu. Na alama iliyokuwa kwenye pembe ilikuwa na ncha nne.

Ilikuwa uru. Ilikuwa nyekundu kama kopa, lakini uru. Kagabo alitoa uru, Mzee Usumani hakuwa na uru, akaikata kwa turufu kama sheria inavyomruhusu, na kopa yake ikabaki mkononi mpaka mwisho kwa haki kabisa. Kagabo hakudanganya. Alichanganya tu, kama mtu yeyote anavyoweza kuchanganya. Ndiyo sababu refa yupo.

Alimpigia Swafiya. "Rundo bado lipo?"

"Rundo gani? Tumeshakunja meza. Kagabo amevaa shati, amepigwa picha." Swafiya akapunguza sauti. "Wini, mzee amepita katikati ya watu hapa wakimwita mwizi wa karata. Mtu kanzu zake zinavaliwa na nusu ya msikiti. Ameondoka bila kuchukua hata koti lake."

"Nilikosea."

"Una uhakika?"

"Ilikuwa uru."

"Basi njoo."

Lakini hakuweza kwenda. Lifti ilihitaji swichi mpya, na baada ya swichi safari ishirini, juu na chini, mlango ukifunguka na kufungwa, yeye amesimama ndani peke yake na kuhesabu. Alitaka kufanya kumi na kuandika ishirini. Aliufikiria uwezekano huo kwenye safari ya tisa, tena kwenye ya kumi na mbili. Akaendelea mpaka ishirini, akijua kwamba kila safari watu wanazidi kutawanyika na ile hadithi inazidi kusambaa nao.

Alifika Nyakabanda jua likielekea kuzama. Duka la Mzee Usumani lilikuwa wazi. Yeye alikaa nyuma ya cherehani bila kushona, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Winifred alisimama kizingitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtu wenu ametoka?"

"Ametoka. Yuko salama."

"Alhamdulillahi."

"Mzee, ile saba ilikuwa uru. Niliiona vibaya. Sikuangalia vya kutosha. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mzee Usumani alishusha miwani, akaiweka sawa machoni.

"Umekuja kuniambia mimi?" akauliza. "Mimi najua ilikuwa uru. Nilikuwa nimekaa pale. Ungekuja hapa kila siku mwaka mzima kuniambia, hujanipa kitu. Waambie wao."

"Nitawaambia."

"Nilikwambia uangalie tena."

"Ndiyo, mzee."

"Hilo ndilo lililoniuma. Kukosea, kila mtu anakosea. Wewe nilikwambia, na wewe ulikuwa na haraka."

Winifred aliondoka, akasimama barabarani chini ya baraza ya duka lililofungwa, akafungua kundi la mashindano kwenye simu, lenye watu zaidi ya sitini. Alibonyeza kurekodi. Mara ya kwanza alianza kueleza kuhusu lifti na mzee mwenye pumu, akaifuta. Mara ya pili alisema tu kwamba anaitwa Winifred, refa wa fainali, kwamba alikagua karata kwa haraka na kutoa uamuzi usio sahihi, kwamba karata ilikuwa saba ya uru, na kwamba Mzee Usumani hakuficha chochote. Akaituma kabla hajaisikiliza. Kisha akaenda kwa Kagabo.

Kagabo alikuwa mbele ya duka lake, bado amevaa shati la ushindi. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye mwizi," akasema.

"Hapana. Ulisahau ulichotoa. Mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka."

"Umenipa shati mbele ya watu, halafu unanivua mbele ya watu."

"Ndiyo," Winifred akasema. "Ndivyo nilivyofanya."

Kagabo akaingia ndani. Alirudi amevaa fulana, shati amelikunja mkononi. Hakumpa Winifred. Alisema atampelekea Swafiya mwenyewe, na kwamba, kwa kuwa rundo halipo tena la kuhakikisha, anataka mkono urudiwe, na refa awe mtu mwingine.

Jumatatu Eustache alimpa barua ya onyo. Winifred aliisoma, akaitia sahihi, kisha akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kumwuliza: kama anaweza kupewa Jumamosi moja ya mapumziko kila mwezi, iandikwe kwenye orodha kwa jina, na kwa kubadilishana achukue zamu mbili za Jumapili. Eustache alichezea kalamu.

"Kwa sababu ya karata," akasema.

"Kwa sababu ya karata."

"Miezi mitatu kwanza unafanya kila zamu yako mwenyewe. Baada ya hapo uniulize tena." Akaifunga faili. Winifred hakujua kama hiyo ni ndiyo au hapana, na hakumwuliza.

Mzee Usumani alikubali, na mkono ulirudiwa Jumamosi iliyofuata, Swafiya mwenyewe akiwa refa. Winifred alikuwa kwenye zamu. Alikaa kwenye chumba cha mafundi mjini, simu mezani mbele yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, na mchana wote hakuna lifti iliyokwama mahali popote. Alijua wameanza saa nane. Saa nane na nusu alisimama dirishani, akakaa, akasimama tena. Hakutaka kumpigia mtu.

Saa tisa kasoro robo simu ililia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Refa," sauti ya Mzee Usumani ikasema. "Tumepigwa."

"Pole sana, mzee."

"Shami alitoa ree mapema mno. Nilimwambia. Kagabo amecheza vizuri, lazima niseme." Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na mtu aliyekuwa akicheka. "Nimetaka uisikie kwangu. Watu hapa wataniuliza kama nimekupigia."

"Asante, mzee."

"Uko kazini?"

"Niko kazini."

"Basi fanya kazi," Mzee Usumani akasema, na kukata simu.